Asubuhi Veda Iliponyamaza

Kijiko kiligonga shaba, ting, mara moja tu, halafu maji yakamiminwa polepole. Inspekta Claudine Numbi aliinua kichwa gizani. Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta, lakini ilikuwa karibu mno, kana kwamba mtu yumo humu humu jikoni, kando ya friji.

Hakuwasha taa. Alikuwa amekuja kabla ya jua kwa makusudi, akaketi kwenye kiti cha marehemu bila kuvua koti, ili asikie kile ambacho marehemu alikuwa akikisikia kila siku. Redio ndogo ilikuwa mezani, imezimwa. Nje, mtaa wa Laken ulikuwa bado haujaamka. Tramu moja ilikwaruza reli mbali, na juu ya mapaa mwezi ulikuwa umekonda ukabaki ukucha.

Kisha sauti ya mzee ikaanza kusoma.

Haikuwa kama kuimba kwa kanisani. Ilikuwa na ngazi tatu tu: ya kati, ya chini kidogo, ya juu kidogo. Maneno yalikwenda mbele, yakarudi nyuma, yakaenda tena, kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba akarudi kuhakikisha, halafu akarudi tena. Numbi hakuelewa hata neno moja. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mifukoni, kwa sababu radiata ya kupasha nyumba joto ilikuwa baridi na hapakuwa tena na mtu wa kuiwasha.

Marehemu aliitwa maman Lucienne. Alikuwa mjane, mtu wa Kolwezi kule Kongo, zamani kiongozi wa kwaya ya parokia. Hapa Brussels alikuwa amebaki na magoti mabovu, redio, na mpwa mmoja aitwaye Hervé. Alhamisi asubuhi mtunzaji wake, Graciella, mwanamke kijana wa Bujumbura, alimkuta kitandani amekufa. Daktari alisema ni moyo. Lakini maman Lucienne alizoea kulala na dirisha wazi kidogo, na chumba kilikuwa barafu, kwa hiyo daktari hakuweza kuapa kama alikufa Jumanne usiku au Jumatano usiku.

Kesi yote ilikuwa imekaa juu ya Jumatano hiyo. Graciella alidai kwamba Jumatano alikuwa hapa, akampa dawa zake za moyo, akamwacha mzima. Hervé alidai huo ni uongo mtupu. Yeye Jumatano alfajiri, akielekea kazini kwenye hospitali ya Jette, alipita hapa, akagonga, hakuitikiwa. Kwa maneno yake, tantine, yaani shangazi yake, alikuwa tayari ni maiti, na Graciella hakukanyaga hapa siku nzima, ila alikuja Alhamisi kutupa vidonge vya Jumatano ili aonekane alifanya kazi. Ikiwa ni kweli, ni mahakama. Na mtu aliyepitia mahakama hiyo hapewi tena wazee wa kutunza, na kibali cha Graciella cha kukaa nchini kilitegemea kazi hiyo. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka sita.

Usomaji ulipokwisha, Numbi aliwasha tochi, akaizungusha jikoni. Kiti cha pili kilikuwa na blanketi lililokunjwa likawa nene, na juu yake mto. Mwenzake, Donat, alikiona siku ile ya Alhamisi akasema ni mambo ya mgongo wa wazee. Numbi alikikalia. Magoti yake yakagonga ubao wa meza kwa chini, hayakuingia. Aliyekikalia kiti hiki hakuwa mtu mzima.

Alitoka nje hadi kwenye kibaraza cha ngazi, akapiga simu, kwa Kiswahili chao cha Kongo.

"Donat, weye ulimuuliza ule mzee wa pembeni?"

"Nilimuuliza. Mu français. Kama alisikia batu banagombana usiku, kama alisikia muntu anakimbia. Alisema non, non, non."

"Na weye ukaandika non."

"Alors niandike nini, chef? Oui?"

"Ungeuliza tena."

Mlango wa jirani ulifunguka nyuma yake.

"Mama, usiongee kwa simu kwenye baridi. Ingia ndani, unywe chai."

Kilikuwa Kiswahili safi, kila neno limekaa mahali pake. Kilitoka kwa mzee mwembamba wa Kihindi, shali nyeupe begani, soksi za sufu miguuni.

"Papa unajua Kiswahili?"

"Miaka mingi nilikuwa kuhani wa hekalu, Moshi. Kisha mwanangu akapata kazi hapa, akanileta. Kisha akapata kazi Toronto." Alisema hivyo kama mtu anayesoma vituo vya basi. "Naitwa Pandya. Kiswahili chako, samahani, kimetembea njia ndefu."

"Na chako, papa, kiko na cravate ku shingo."

Mzee alicheka, kicheko cha kukwama kwama, cha mtu aliyesahau kinaanzia wapi.

Ndani kulikuwa na kiti kimoja na kikombe kimoja. Vyote viwili alimpa mgeni, yeye akasimama kando ya ukuta.

"Hakuna muntu mu hii nyumba anajua unasema Kiswahili?"

"Hawajauliza."

"Ile unasomaka asubuhi ni nini? Maombi?"

"Ni Veda, mama. Maandiko yetu ya zamani kuliko yote, ya Kisanskriti. Tunayaita maandiko, lakini hayakuanza kwa kuandikwa. Yalitoka kinywani yakaingia sikioni, kinywani, sikioni, tangu zamani ambazo hakuna anayezijua. Mwalimu wangu alinishika kichwa hivi." Aliweka kiganja juu ya utosi wake mwenyewe, akakiinamisha kichwa, akakiinua, akakilaza pembeni. "Sauti ikishuka, kichwa kinashuka. Ikipanda, kinapanda. Nilikuwa mtoto. Hata leo shingo inajua kabla ya ulimi."

"Na ile ya kurudi nyuma?"

"Ili neno lisianguke njiani. Unafunga la kwanza na la pili, unarudi, la pili na la kwanza, unasonga. Silabi moja ikipotea, zilizobaki zinaisema."

"Sisi polisi tunafanyaka vile vile," Numbi alisema. "Muntu akitudanganya, tunamuuliza kutoka mwisho. Uko na mwanafunzi?"

"Mwanangu alianza. Akaacha." Aliutazama ukuta. "Kulikuwa na huyu mama tu. Kila nikianza, redio yake inazimwa. Klik. Miaka yote hatukuwahi kuongea, ni bonjour kwenye ngazi basi. Lakini klik hiyo nilikuwa naingoja."

"Jumatano ulisoma?"

"Hapana."

Numbi aliweka kikombe chini. Ndivyo Hervé alivyoeleza katika maelezo yake: asubuhi ile kimya kilikuwa kikubwa, hata papa Muhindi hakuwa akiimba.

"Sababu gani muntu kama weye aache kusoma?"

"Maiti akiwa karibu, hatusomi. Ni katika sheria za mwanzo tunazofundishwa. Kijiji kikiwa na maiti, vinywa vinafungwa mpaka atolewe." Aliugusa ukuta kwa kiganja. "Na mimi nilikuwa ng'ambo ya ukuta tu, mama. Ng'ambo tu."

Simu ya Numbi ililia. Ni Donat tena: Graciella amefika kituoni, amekuja na mtoto, na Kamishna Sylvestre anataka dossier ya kesi iwe kwa mwendesha mashtaka kabla ya jioni.

Numbi aliaga, akashuka ngazi haraka. Hesabu ilikuwa fupi, na hakuipenda. Jumatano mzee hakusoma. Mzee hasomi maiti akiwa karibu. Basi Jumatano asubuhi, kwa klik ile kukosekana au kwa jambo jingine, ukuta ulikuwa umeshamwambia kilichokuwa upande wa pili. Hervé alikuwa amesema kweli.

*

Mtoto alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, kofia ya sufu mpaka nyusi, miguu haigusi sakafu. Midomo ameibana.

"Anaitwa Imani," Donat alisema kwa sauti ya chini. "Mama yake mwenyewe njo alisema. Yeye hasemi kintu. Nilimupa biscuit, akashika tu."

"Hajakula?"

"Anaichunga kama ushahidi."

Ndani ya chumba, Graciella alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, kama mtu aliyeko kwenye treni na hajui ashuke wapi. Numbi alivuta kiti.

"Graciella, Jumatano ulifika lini kwa maman Lucienne?"

"Asubuhi, madame. Kama kawaida."

"Kampuni yako inataka upige simu ukifika kwa mugonjwa. Jumatano haukupiga."

"Nilisahau."

"Jumanne haukusahau. Alhamisi haukusahau."

Graciella aliushika mkoba kwa mikono miwili.

"Mu jikoni kuna kiti kiko na blanketi na mto juu. Asubuhi hii nimekaa pale, magoti ikakataa kuingia chini ya meza. Maman Lucienne alikuwa murefu kunipita. Nani alikaa pale?"

Graciella aliutazama mlango. Nyuma ya mlango huo kulikuwa na benchi.

"Madame, nikisema hiyo napoteza kazi."

"Usiposema unapoteza yote."

Mkoba ulianguka, na hakuuokota.

"Jumatano Imani aliamka na homa. Kidogo tu, lakini shule ikamrudisha. Jirani anayenishikiaga mtoto, nikagonga, nikagonga, hakufungua. Sasa ningefanyaje? Nimwache mtoto peke yake, ama nimwache maman Lucienne peke yake bila dawa? Nikamfunga skafu nikaenda naye. Tulifika mchana, siyo asubuhi. Kampuni inakataza kabisa kupeleka mtoto kwa mgonjwa, ndiyo sababu sikupiga simu. Nikamwambia Imani asimwambie mtu yeyote kwamba alifika kule. Mtu yeyote. Tangu Alhamisi hasemi kitu, hata mimi haniambii."

"Maman Lucienne alisema nini kumuona mutoto?"

"Alisema, leo ndiyo umeniletea dawa."

Numbi aliandika hilo, halafu akaweka kalamu pembeni. Ilikuwa hadithi nzuri. Alishasikia nzuri kuliko hiyo, na hazikuwa za kweli.

"Bon. Twende Alhamisi, lakini tuanzie mwisho. Uliita ambulance. Mbele ya kuita ambulance?"

"Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi."

"Mbele ya kumushika mukono?"

"Nilisema bonjour maman, nikiwa jikoni. Niliweka maji kwenye moto."

"Mbele ya maji?"

"Nilifungua mlango."

"Mbele ya kufungua?"

"Nilikaa kwenye ngazi."

Numbi alimtazama. "Kwa nini ukae ku ngazi na funguo uko nazo?"

"Nilifika mapema, kufidia ile Jumatano. Na ule papa Mhindi alikuwa hajamaliza kusoma. Maman Lucienne hakupendaga funguo zilie wakati anasoma. Alisema ni kama kuingia kanisani padri ameinua hostia. Basi mimi nangojaga amalize, halafu nafungua."

"Alhamisi. Mzee alikuwa anasoma."

"Ndiyo, madame. Kama siku zote."

"Una hakika."

"Ngazi zilikuwa baridi, madame. Nakumbuka vizuri nilivyokuwa namwombea amalize."

Numbi alisimama, akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Donat alikuwa amechuchumaa mbele ya benchi akimwonyesha Imani jinsi ya kusogeza masikio bila kutumia mikono. Imani alikuwa akitazama kwa makini, bila kucheka.

"Donat. Maiti ilitoka lini mu ile nyumba?"

"Alhamisi, karibu na midi, saa sita ya muchana. Mimi mwenyewe nilishika mulango."

"Mzee hasomi kama maiti iko karibu, mpaka itolewe. Alinieleza mwenyewe. Kama Jumatano alinyamaza sababu ya maiti, Alhamisi asubuhi angenyamaza pia. Maiti ilikuwa bado pale pale. Lakini Alhamisi alisoma."

Donat alisimama polepole. "Donc basi hakujua."

"Hakujua. Donc Jumatano alinyamaza sababu ingine kabisa. Na mimi nilimuuliza swali moja tu, nikakimbia."

"Ungeuliza tena, chef," Donat alisema, uso umekauka kama karatasi ya serikali.

"Funga kinywa. Muite Hervé, mwambie akuje kuchukua funguo za tantine yake. Graciella pia, na funguo."

"Na mutoto?"

"Na mutoto. Na biscuit yake."

*

Giza la Desemba lilikuwa limeshaanza kushuka tena walipofika Laken, ingawa mchana ulikuwa bado haujaisha. Kibaraza cha ngazi kilikuwa chembamba; watu walisimama wakigusana mabega bila kutazamana. Hervé alikuwa wa mwisho kupanda. Alikuwa mtu wa makamo, sare ya kusukumia vitanda vya wagonjwa chini ya jaketi, macho mekundu ya zamu.

"Madame l'inspecteur, ni funguo tu, hein? Niko na service ku hospitali."

"Ni funguo, na kitu kidogo. Simama pale ulisimama Jumatano."

Alisita, kisha akasimama mbele ya mlango wa shangazi yake.

"Ukafanya nini?"

"Nikagonga. Nikaita, tantine, tantine. Hakuna. Nikagonga tena."

"Ukasikia nini?"

"Nilishasema. Hakuna kintu. Kimya ya kaburi. Hata papa Muhindi hakukuwa anaimba."

"Hiyo ya mwisho ni kweli," Numbi alisema. "Franchement, ile njo ilinifanya nikuamini. Muntu hawezi kuijua kama hakukuwa hapa."

Hervé alimgeukia Graciella kwa mara ya kwanza. "Unaona? Unaona sasa? Mama wa watu amekufa kama imbwa, na weye..."

"Ngoja." Numbi aligonga mlango wa jirani. Mzee Pandya alifungua upesi, kama aliyekuwa nyuma yake muda wote. Aliona watu wengi, akavuta shali. "Papa, asubuhi nilikuuliza nusu ya swali. Tukiweka maiti pembeni, ni siku gani zingine hausomi?"

"Nyingi, mama. Radi ikipiga. Mwezi ukijaa. Mwezi ukipotea kabisa. Mwezi ukiwa nusu."

"Na Jumatano?"

"Ulikuwa nusu. Leo alfajiri ulibaki kipande tu, bila shaka uliuona."

Numbi alikuwa ameuona. "Kwa nini basi uliniambia ile ya maiti?"

"Kwa sababu ya Alhamisi." Mzee alishika fremu ya mlango. "Alhamisi nilisoma. Redio haikulia klik, nikajisemea labda amechelewa kuamka, nikaendelea mpaka mwisho, naye amelala hapo amekufa. Jambo ambalo mwalimu wangu alinikataza kuliko yote, nimelifanya, kwa mtu pekee aliyekuwa ananisikiliza. Uliponiuliza, hilo ndilo lililonijia."

Taa ya ngazi, ile ya kujizima yenyewe, ilizimika. Donat akaibonyeza tena.

"Zile asubuhi unanyamaza," Numbi aliuliza, "upande wa maman Lucienne kunakuwaka nini?"

Mzee alitazama chini. Alikuwa kama mtu aliyekamatwa na kitu cha mwenzake mkononi.

"Anaimba."

Graciella aliinua kichwa.

"Siku za kawaida alikuwa anazima redio, ananisikiliza. Siku ambazo mimi nimefungwa kinywa, alikuwa anaimba yeye. Sijui kama alijua ni mwezi. Nadhani aliona tu kwamba pamekuwa patupu, akajaza. Nyimbo za kanisa, za Kiswahili. Nilikuwa nakaa chini hapa, mgongo ukutani. Nilielewa kila neno, naye hakujua kwamba naelewa."

"Na haukumuambia hata siku moja?"

"Ningemwambia, angejua anasikilizwa. Mtu akijua hivyo huimba kwa namna nyingine. Au huacha. Niliogopa aache."

"Jumatano hii, papa. Mwezi nusu. Aliimba?"

Hervé alisogeza mguu mmoja kuelekea ngazi. Donat alikuwa amesimama hapo, mpole, mpana.

"Aliimba," alisema mzee Pandya. "Wimbo mrefu, ule wenye beti nyingi. Asubuhi ile kifua hakikuwa kizuri. Alifika katikati, kikohozi kikamshika, akakohoa sana..."

"Akacheka," alisema Hervé.

Lilimtoka kwa sauti ndogo, kama la mtu anayesahihisha wimbo anaoujua. Kisha akasikia alichosema. Watu wote walikuwa wamemgeukia.

"Akacheka," mzee Pandya alikubali taratibu. "Ndiyo. Akacheka peke yake, akaanza tena kutoka mwanzo."

Numbi hakuinua sauti. "Weye ulisema hakukuwa kintu. Kimya ya kaburi. Kama papa hakukuwa anasoma, Hervé, muntu mwenye kusimama hapo pa mulango angesikia nini? Si angemusikia yeye? Haukugonga."

Hervé aliketi kwenye kidato cha ngazi, jaketi likampanda masikioni.

"Nilimuahidi Noël, Krismasi ya pamoja," alisema. "Jumapili nilimuambia, tantine, Noël utakuwa kwetu Jette, nitakuja kukuchukua na gari. Akaanza kuuliza avae nini. Alors ku nyumba muke yangu akasema hapana, ndugu zake banakuja, hakuna nafasi. Nilikuya Jumatano kumuambia. Nikafika pale pa mulango. Nikamusikia anaimba. Nikajisemea, bon, amalize kwanza. Halafu akakohoa, akacheka vile... Mi sikuweza. Nikasema, kesho. Nitakuya kesho."

"Na kesho yake ilikuwa Alhamisi."

"Alhamisi bananipigia simu ku kazi." Alijipangusa uso kwa mkono wa jaketi. "Unaelewa? Kama alikuwa amekufa tangu Jumanne, basi Jumatano nyuma ya mulango hakukuwa muntu. Basi mi sikumuacha. Nilisema vile mara ya kwanza, ikakuwa rahisi. Mara ya pili ikakuwa kama kweli."

"Na Graciella je? Na mutoto wake?"

"Sikufikiria mutoto," Hervé alisema. "Sikufikiria."

Numbi alimgeukia Pandya. "Papa, mchana wa Jumatano ile, ulisikia kintu?"

"Sauti ya huyu dada. Sufuria. Na miguu midogo inakimbia sakafuni, huku mama wa watu anasema, polepole, utaanguka." Alimtazama Imani aliyekuwa nusu nyuma ya koti la mama yake, biskuti ngumini. "Kijana wa polisi alikuja kuniuliza habari za usiku na za ugomvi. Mchana hakuniuliza. Na hakuna aliyeniambia kwamba kuna mtu anashtakiwa."

Donat alikohoa, akaandika.

"Andika vizuri," Numbi alimwambia. "Jumatano alfajiri alikuwa hai, mashahidi bawili. Jumatano mchana alikuwa hai, na mutunzaji wake alikuwa naye. Alikufa Jumatano usiku, moyo, kama vile daktari alisema inawezekana. Mpigie Kamishna, mwambie dossier ya Graciella haiendi popote. Ya Hervé ataandika yeye mwenyewe, Jumatatu asubuhi, kwetu."

Graciella alikuwa bado hajasogea. "Madame, na kampuni? Kuhusu Imani?"

"Kampuni haikuniuliza kintu."

Hapo ndipo Graciella alipoachia pumzi. Haikuwa kilio, ilikuwa kama mtu anayetua mzigo wa kuni, kwanza upande mmoja, halafu mwingine. Alitoa funguo mfukoni, akainama, akaziweka mkononi mwa Hervé. Hervé alizishika bila kuzitazama. Alisema, "Pardon, dada," na Graciella akatikisa kichwa tu, kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana.

Kisha akachuchumaa mbele ya binti yake, akamvua kofia, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kwa mazoea.

"Imani wangu. Imekwisha. Unaweza kusema sasa. Unaweza kusema kila kitu."

Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama Numbi, akamtazama Donat na masikio yake. Hakusema kitu.

Watu walianza kushuka. Hervé alikuwa ameufungua mlango wa shangazi yake akasimama kizingitini, haingii, harudi nyuma. Ndani kulikuwa na giza na baridi iliyotoka mpaka miguuni mwao. Mzee Pandya alikuwa ameshika kitasa cha mlango wake.

"Papa utasoma kesho?" Numbi alimuuliza.

"Nitasoma. Kesho, na kesho kutwa. Kisha mwezi utapotea, na mimi nitanyamaza." Alionyesha kwa kidevu upande wa pili wa ukuta, akajaribu kutabasamu. "Safari hii tutanyamaza wote wawili."

Taa ya ngazi ilizimika tena. Donat alikuwa chini, hakuna aliyeibonyeza. Katika giza hilo miguu midogo ilivuka kibaraza, ikasimama mbele ya mzee, na sauti ambayo hakuna aliyeisikia tangu Alhamisi ikasema, wazi kabisa:

"Mimi najua nyimbo mbili, ila ya pili sijaimaliza."